Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wagonjwa wetu 40 wako wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika kliniki moja ya saratani. Kila Ijumaa nawapigia simu wagonjwa waliopitisha tarehe ya kurudi. Wiki iliyopita namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na kijana aliyenunua laini juzi tu. Yeye hakumjua mama niliyemuulizia. Ya tatu akapokea binti: "Mama tulimzika tangu Pasaka. Kwani hamkupata taarifa?" Tungeipata kwa nani, Mheshimiwa?

Kwenye faili, marehemu alikuwa bado hai.

Tuchukue mfano wa wagonjwa 100 waliopimwa na kukutwa na saratani miaka mitano iliyopita: 30 tunajua wamefariki, 30 tunajua wapo, 40 hatujui waliko. Ukiwahesabu hao 40 kuwa hai, waliofikisha miaka mitano ni asilimia 70. Ukiwaondoa kwenye hesabu, 50. Ukiwaweka na marehemu, 30. Na wagonjwa ni wale wale!

Wataalamu wana njia yao, tangu wanatakwimu Kaplan na Meier walipoichapisha mwaka 1958: mgonjwa anahesabiwa mpaka siku ya mwisho aliyoonekana, kisha anatoka bila kuitwa hai wala marehemu. Siibezi. Ila inachukulia kwamba aliyepotea hana tofauti na aliyebaki, na kwetu anayepotea mara nyingi ndiye aliyeishiwa nauli, au aliyechukuliwa na ndugu kwenda kijijini akiwa hoi. Hesabu inatoka tamu kuliko hali yenyewe.

Vifo vinasajiliwa na RITA, iliyo chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Wagonjwa wako kwako. Naomba mkae meza moja, majina yetu yalinganishwe na rejista ya vifo kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, bila kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Najua wapo wanaozikwa bila kifo kusajiliwa. Kwa hao, fomu ya siku ya kwanza iwe na nafasi ya simu za ndugu wawili na ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Yetu ina mstari mmoja, tena mfupi. Namba ya pili tunaibana pembeni kwa penseli.

Na utakapotangaza asilimia ya wanaofikisha miaka mitano, tafadhali taja na idadi ya tuliowapoteza.

Wako mtiifu,
Karani wa kumbukumbu