Vipimo vya mpunga visisahau maji

Mhariri, salamu. Naandika kuhusu kupima joto na mvuke juu ya mashamba ya mpunga, maana watu wanasimika mlingoti wenye kipimaupepo cha mawimbi ya sauti kinachosoma upepo mara 10 au 20 kwa sekunde, pembeni kihisi cha mvuke, data kibao, halafu hesabu haifungi, ukijumlisha nishati inayobebwa na joto na mvuke haifikii ile iliyoingia toka kwa jua. Wengi wanakimbilia kulaumu kihisi. Jamani, na yale maji je? Maji ya kina cha sentimita 10 yakipanda nyuzi 1 tu yameshameza kama kilojuli 420 za nishati kwa kila mita mraba, mchana yanameza usiku yanatema, ndo maana mvuke unaweza kuendelea kupaa hata jua likishazama. Kipimajoto kimoja ndani ya maji, kingine kwenye tope, vitu vidogo kabisa ila vinasahaulika, inaniuma sana. Mi naomba wanaopima waandike na kina cha maji kila siku, maana kila lita inayopaa inaondoka na karibu megajuli 2.4 (yaani kilojuli 2,400), na mkulima anapanga zamu za maji kwa hesabu hizohizo.