Redio yetu haikuanza 1965

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu historia ya redio ya umma nimeisoma mara mbili, maana nilidhani nimeruka ukurasa. Imeanza na Radio Tanzania Dar es Salaam, mwaka 1965, kana kwamba kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa bubu. Mimi ni fundi redio mstaafu, umri wangu miaka 81. Naomba nafasi niseme kilichoachwa.

Redio hii ilianza Julai 1951, kwa majaribio, katika chumba kidogo cha darini Kariakoo. Iliitwa Sauti ya Dar es Salaam, na jina lilisema kweli: mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa na nguvu ndogo, ukishauacha mji nyuma ndiyo basi tena.

Nilikuwa na miaka saba. Mtaani kwetu redio ilikuwa moja, ya mpangaji wa chumba cha mbele, karani wa bandarini. Sanduku la mbao. Akizungusha kitufe, vali, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazokuza mawimbi ya redio, zinawaka papo hapo. Watu wazima walikaa mbele ya redio. Sisi watoto tulijibana nyuma yake, tukichungulia kwenye matundu ya ubao. Mle ndani unaona vali zimejipanga, unasikia mvumo, halafu sauti ya mtu. Ufundi wangu ulianzia pale nyuma ya sanduku. Jioni moja mtangazaji akasema hamjambo, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Mama yangu alitoka uani na mwiko mkononi, akaitikia: hatujambo! Mpaka siku ile redio niliyokuwa naisikia ilisema Kiingereza.

Nyumba yetu haikuwa na umeme. Redio ile ilikula betri kavu, bonge zito kama tofali, lenye volti 90 za kuendesha vali na volti moja na nusu ya kuziwasha. Bei yake iliuma, kwa hiyo karani alifungua kwa taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu, akazima. Betri ikichoka tuliianika juani, ikapata nguvu ya jioni moja zaidi.

Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa mfano wa BBC, na matangazo ya masafa mafupi yakawa yanafika majimboni. Baadaye zikaja redio za transista, zinazotumia betri za tochi. Hizo nimezitengeneza mpaka vidole vikaota sugu. Shirika lilivunjwa 1965, redio ikawa idara ya serikali. Makala yenu inaanzia hapo, wakati mtoto ameshafikisha miaka 14.

Mhariri, siandiki kwa sababu ya tarehe tu. Miaka ile matangazo mengi yalisomwa moja kwa moja hewani na hayakuhifadhiwa. Hata yaliyorekodiwa hayakuwa salama: katika studio moja niliyofanya kazi, mkanda ulikuwa ghali, ukishatumika unafutwa na kurekodiwa upya. Nimefuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa maagizo, sauti za watu ambao leo ningetoa chochote nizisikie tena. Inaniuma mpaka sasa.

Kilichobaki cha mwaka 1951 kiko vichwani mwa wazee wachache: nani alikuwa akipanda ngazi ile ya darini, ngoma gani zilipigwa, watu wa mtaa walisema nini walipomsikia jirani yao ndani ya sanduku. Gazeti lenu lina vijana wenye simu zinazorekodi saa nzima bila mkanda. Watumeni Kariakoo, Ilala na Magomeni wakae na wazee hao mwaka huu, na nakala wazipeleke maktaba na kwenye redio yenyewe.

Waanzie kwangu wakitaka. Waje asubuhi, ndipo kumbukumbu zangu zinapokuwa nzuri. Karani alipohama alimwachia baba redio yake, na ninayo hadi leo. Vali moja imekufa, nne bado zinawaka. Nitawafungulia ubao wa nyuma wazione.

Fundi redio mstaafu,
Kariakoo, Dar es Salaam