Salamu za Idi, na Buriani ya Kaka

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya nyumba yetu nawatakia Idi njema yenye heri na baraka. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu, swala na sadaka zetu.

Mwezi umeandama na wengine hawakuuona. Kwetu ni kaka yetu mkubwa, tuliyemzika mwezi wa Rajabu. Tulipokaa kulipa madeni yake kabla ya kugusa mirathi, tulifungua daftari lake. Upande mmoja wamo wanaomdai, jina kwa jina, na tarehe aliyoahidi kulipa. Upande wa pili wamo anaowadai yeye. Baadhi yao amewapiga mstari na pembeni, kwa mwandiko uliokwisha kulegezwa na maradhi, ameandika: "Nimemsamehe." Mmoja ni mtu ambaye sote tulijua hawasemezani. Nililia juu ya ukurasa ule kuliko nilivyolia makaburini.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi ilipokuwa baada ya takriban miaka 33. Aliyeanza kufunga ujanani, hata akijaaliwa uzee, atauona mzunguko huo mara mbili hivi, na wengi hatufiki huko. Umri kama huu una nafasi gani ya kufuga kinyongo?

Ndugu zangu, mauti hayapigi hodi. Unayemdai na unajua hana, msamehe. Unayedaiwa lipa, na kama huna, nenda ukaombe muda, usijifiche. Andika wasia ungali na akili timamu. Theluthi ya mali yako unaruhusiwa kuielekeza kwa wasiokurithi, na kuna yatima wanaoingoja. Tukifa amali hukatika, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayetuombea. Yote matatu huandaliwa na aliye hai.

Wagonjwa, wafiwa na wote walioelemewa mwaka huu, Mola awape shifaa na subira. Kaka yetu, Allah amrehemu na ampanulie kaburi lake. Anayemdai na hajajitokeza, atufikie. Deni lake ni letu. Aliyesamehewa asituonee haya, aje tule naye sikukuu.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Idi Mubarak.