Barua kwa mwanangu kabla hajapanda basi

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Nimeamka saa tisa usiku nikuandikie, nitaitumbukiza barua hii ndani ya mfuko wa unga. Ukishaniambia "sawa mama" najua hujasikia.

Kidonge chako cha tezi ya shingo usikimeze na uji, mama. Nimekuona hapa wiki nzima: mkono mmoja kidonge, mwingine kikombe cha uji wa soya. Soya inafanya dawa hiyo isinyonywe vizuri tumboni. Kidonge saa kumi na mbili kwa maji matupu. Uji saa nne, walimu wenzako wakienda mapumziko. Soya yenyewe haina ubaya, shida ni muda.

Huyo mumeo anayesema soya itamwotesha matiti, mwambie nesi wa kliniki alicheka mpaka akavua miwani. Ni kweli ndani yake kuna vitu vinavyofanana na homoni ya kike, ila ni dhaifu mno, na wanaume waliopimwa kwenye tafiti, homoni yao ya kiume haikushuka. Kilichoniuma ni ulivyonyamaza mbele yake, wewe mwenye digrii ya baiolojia. Darasani unawatuliza watoto 60, mezani unameza maneno.

Unga nimeutengeneza mwenyewe. Soya nimezichemsha nusu saa, nikazimenya, nikazianika, nikazikaanga mpaka zikanukia kama karanga, ndipo nikazipeleka mashineni na ulezi na mahindi. Soya mbichi usiisage, inavuruga tumbo. Mwaka ule mdogo wako alivyoharisha, baba yako alilaumu kisima, nami nikaitikia kisima. Tukateka maji ya mbali mwezi mzima.

Chumvi nunua yenye madini joto, achana na ile ya mawe ya mnadani. Na kidonge, saa kumi na mbili.

Mbuzi mweusi kazaa pacha. Alizeti bado iko ndani, nasubiri bei. Ndoo ya kijani uliyobeba ni yangu, irudi Desemba. Ukifika Singida piga simu hata kama ni usiku. Siku ya kupima damu usiiruke. Ile ya kwanza uliiruka nikakaa kimya, kilikuwa kipindi cha mavuno nami nilihitaji mikono yako. Tegesha alamu ya simu saa kumi na mbili, sasa hivi, kabla hujakunja hii karatasi.

Mama yako