Namba ya ugumu pekee isitutoshe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera katika kazi yetu ya kutia feleji matiko (kuipasha moto na kuipoza ili iwe ngumu): mazoea ya kupokea kipande kilichotoka tanurini kwa kusoma namba ya ugumu tu, bila kuuliza kilipashwa upya kwa joto la kiasi gani.

Feleji yenye kaboni ya asilimia 0.4 hivi ikipashwa hadi nyuzi 850 za Selsiasi, kisha ikazamishwa ghafla katika mafuta, kaboni hukosa muda wa kujitenga na hunaswa ndani ya fuwele za chuma. Hiyo ndiyo martensaiti, ngumu sana lakini nyepesi kuvunjika, na kwa sababu hiyo hupashwa tena. Hapo kabaidi, yaani chembe ngumu za kaboni iliyoungana na metali, huanza kuchipuka, na joto ndilo linaloamua zitakuwa za aina gani, zenye ukubwa gani, na zitakaa wapi. Karibu na nyuzi 200 huwa ndogo mno na zimetawanyika, nayo feleji hubaki na nguvu nyingi. Kuanzia 250 hadi kama 400, sementaiti, yaani kabaidi ya chuma, huweza kujipanga kama utando mwembamba mipakani mwa martensaiti, na ufa ukianza hukuta njia imekwisha kutengenezwa.

Nimewahi kushika shafti iliyovunjika siku chache tu baada ya kufungwa. Mahali ilipokatikia palikuwa bapa, pakimetameta, bila dalili yoyote ya kunepa. Ugumu wake ulikuwa sawasawa na ulioandikwa kwenye mchoro, lakini mchoro haukutaja joto, hivyo fundi akachagua nyuzi 320 kwa kuwa zilimpa namba aliyotakiwa kuifikia.

Sisemi kwamba joto hilo ni baya kwa kila feleji. Ile iitwayo 300M, inayotumika kwenye miguu ya kutulia ya eropleni, ina silikoni ya asilimia 1.6 hivi inayochelewesha sementaiti, na hupashwa karibu na nyuzi 300 bila madhara hayo. Katika feleji za kutengenezea kalibu (vyombo vya kufinyangia vitu), zenye molibdeni na vanadi, kabaidi mpya ndogo sana za madini hayo huchipuka kati ya nyuzi 500 na 600 na kuupandisha tena ugumu uliokwisha kushuka. Kwa hiyo vipande viwili vinaweza kusoma ugumu uleule, kimoja kikiwa kimepashwa kwa nyuzi 300 na kingine kwa 550, ilhali ndani havifanani hata kidogo.

Naomba wachoraji na wakaguzi waandike joto na muda wa kupasha upya, na kwa vipande vinavyobeba uhai wa watu wadai pia kipimo cha Charpy, ambapo kijiti cha feleji hiyo cha milimita 10 kwa 10 chenye mkato wa kina cha milimita 2 hugongwa kwa nyundo inayobembea ili kuona kinahitaji nguvu kiasi gani kuvunjika. Shafti niliyoitaja haikupimwa hivyo hadi ilipokwisha kuvunjika.

Wako,
Fundi wa tanuri