Tuchapishieni saa za maji kujaa na kupwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua kila asubuhi hapa Tegeta, na kama wanaume wengi wa umri wangu nalisoma kuanzia nyuma. Ratiba ya ligi ipo, msimamo upo, Ramadhani ikifika mnatuwekea na saa za kufuturu. Kitu kimoja sijawahi kukiona: saa za maji kujaa na kupwa. Jiji lenyewe limekaa ubavuni mwa bahari, samaki tunaokula wanatoka humo, vijana wanaogelea humo kila Jumapili, lakini ukitaka kujua maji yatatoka saa ngapi kesho inabidi uwe na jamaa mvuvi. Mimi sikuwa naye, na nitaeleza yaliyonipata ili muone kwamba ombi langu si la mtu aliyekosa kazi.

Ni fundi wa magari mstaafu. Nimezaliwa Kondoa, nikaingia Dar es Salaam mwaka 1984, nikalala chini ya malori kwenye gereji za mtaa wa Gerezani zaidi ya miaka 30. Bahari niliijua kwa kuvuka na kivuko kwenda Kigamboni kukiwa na msiba. Mwaka jana mwezi wa sita nikauza kiwanja, nikanunua boti. Nilimwambia mama watoto kwamba ni kwa ajili ya wajukuu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kukaa barazani.

Boti ni ya faiba, futi 19, mashine ya farasi 40 iliyokwishatumika. Aliyeniuzia alihesabu pesa mara mbili, akanipa ufunguo, tangi la mafuta na majaketi okozi mawili ambayo sponji yake ilikuwa inachungulia nje. Hakuniuliza kama najua kuogelea. Nami sikumwuliza kitu, maana mashine nilikuwa nimeifungua kifuniko na kuona ni silinda mbili tu. Mtu aliyeshusha injini za malori ya tani 30 aogope silinda mbili?

Siku ya kwanza tulikuwa Kunduchi, vijana sita wakaisukuma majini, nikapanda na wajukuu wawili. Hatujafika mbali, mdogo akasema, "Babu, viatu vyangu vimelowa." Nikamwambia ni maji ya mawimbi. Baada ya muda vyangu pia vikalowa. Nikaanza kukumba maji kwa kopo la rangi, na kadiri nilivyokumba ndivyo yalivyozidi. Pembeni yetu alikuwa mzee mmoja kwenye mtumbwi, anakunja nyavu, ametulia kama yuko sebuleni kwake. Akaita, "Fundi! Nguruzi umeiweka?" Sikujua nguruzi ni nini. Akasema, "Kizibo! Kizibo cha chini, huko nyuma!"

Kwa wasiojua: sakafuni mwa boti, upande wa tezi, kuna tundu. Boti ikiwa nchi kavu unaichomoa nguruzi ili maji ya mvua yatoke, na kabla ya kuingia baharini unairudisha. Jana yake niliiosha boti kwa sabuni, nikaichomoa ili maji yatiririke, nikaitia mfukoni mwa shati. Na shati ni hilo hilo nililokuwa nimevaa. Nilipiga magoti kwenye maji, nikaipapasa tundu kwa kidole, nikaiziba kwa kitu kilichokuwa kifuani pangu muda wote. Mhariri, pale gereji niliwahi kumfukuza kijana kazi kwa sababu alimwaga oili akasahau kurudisha nati ya sampu, gari likaua injini njiani. Nilimkumbuka siku ile. Kama anasoma barua hii, aje Kunduchi.

Mwezi uliofuata nikajiona nimehitimu. Nikatoka kwenda kisiwa cha Mbudya na shemeji yangu, Julai, kusi linavuma. Wenyeji wanajua Julai bahari haichekani na mtu. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka hapa hapa kwetu kwenda Unguja. Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa inatoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na mimi siku hizo nilikuwa nazisikia redioni kama matangazo ya watu wengine. Tumefika katikati, mashine ikapungua sauti, ikakohoa, ikazima. Nikaivuta kamba, ikawaka dakika moja, ikazima tena. Shemeji akaniangalia. Nikafungua mkoba wa spana kwa madaha.

Nikatoa plagi, safi. Nikavua kifuniko cha kabureta. Spana namba 10 ikaniponyoka, chubwi, ikaenda zake. Nafanya hayo yote, nanga imelala miguuni kwangu na sijaishusha, na hapo upepo wa kusi unasukuma kaskazini na mkondo wa pwani yetu nao unakwenda huko huko, mwaka mzima. Nilipoinua kichwa, Kunduchi imehama. Tulikuwa usawa wa Ununio. Akaja kijana na ngalawa, akashusha tanga kidogo, akatazama ndani ya boti yetu kama anayetazama mtoto anayelia. Hakugusa mashine. Alinyoosha mkono kwenye tangi la mafuta, akazungusha kile kiskrubu kilicho juu ya kifuniko. Tangi likafanya fyuuu, kuta zake zilizokuwa zimebonyea ndani zikafutuka. "Tangi lako lilikosa pumzi, mzee," akasema. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, basi yatatokaje? Nikaivuta kamba mara moja, ikawaka. Shemeji hakusema neno mpaka tulipofika nchi kavu, na aliyoyasema huko si ya gazetini.

Sasa nikisikia mashine imezima, nanga kwanza, maswali baadaye. Na mafuta nayagawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la shari.

Mengine nayapitia haraka. Kuchanganya oili na petroli hakukunisumbua, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya tu-stroki, hayo tunayajua tangu enzi za Vespa. Kilichonisumbua ni chumvi. Gari ukilizima umelizima, ila mashine ya boti ukirudi lazima uinyweshe maji yasiyo na chumvi, iyazungushe ndani, vinginevyo chumvi inaganda kwenye njia za maji. Mimi sikuinywesha kwa miezi miwili. Kuna uzi wa maji unaotoka ubavuni mashine ikiwaka, vijana wanasema "inakojoa". Yangu ikaacha kukojoa, na raba ya pampu nilipoitoa ilikuwa imechanika kama soli ya kandambili. Majaketi niliongeza nilipokwenda kuiandikisha boti TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Niliulizwa ninayo mangapi na nabeba watu wangapi, nikaona aibu kujibu.

Sasa nifike kwenye Idi.

Idi ya mwaka huu nilikesha na redio kusubiri mwezi kama kila mtu. Ukatangazwa. Idi mosi tukala nyumbani, Idi pili nikawachukua mama watoto, binti yangu na wajukuu wanne kwenda Mbudya. Tukalipa kiingilio cha hifadhi, pilau tukaibeba sufuria nzima. Tuliondoka baada ya adhuhuri, maji yanaingia, boti inateleza kama imepakwa mafuta. Saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na miti. Nikasema moyoni, bahari imetulia leo. Tukachelewa, watoto hawataki kutoka majini. Tukang'oa nanga kama saa kumi na mbili na nusu, jua linazama, na mimi nikaamua kukata kona badala ya kuzunguka njia ile ndefu ya mchana. Maji si yamejaa kila mahali?

Sauti ya boti kupanda fungu la mchanga si kubwa. Ni kama mtu anayekokota gunia: kshhh. Tukasimama. Nikainua mashine, nikashuka, maji yananifika magotini, nikasukuma. Binti yangu akashuka, akasukuma. Tulipopumzika kidogo ili tusukume tena, maji yalikuwa chini ya magoti. Mara ya tatu yalikuwa kwenye vifundo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nashindana na kitu ambacho hakina haraka. Kufikia saa mbili boti imelala ubavu, pilau imehamia upande mmoja wa sufuria, na mwezi mwandamo, uzi mwembamba tu, umeshazama. Giza.

Halafu tukaona taa. Si boti, ni watu. Wanakuja kwa miguu, Mhariri, kutoka huko tulikokuwa tunakwenda, na tochi na ndoo, wanatafuta pweza na chaza. Mama mmoja alifika hadi ubavuni mwa boti, khanga kaipandisha, akamulika nyuso zetu moja moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Mmepwelewa?"

Neno lenyewe sikuwa nalijua. Nilifikiri ananiuliza kama tumepotea, kumbe ni kuachwa na maji juu ya mchanga. Nikajibu kwamba tunasubiri maji yarudi kidogo. Akacheka, si kwa dharau. "Yarudi kidogo? Jana Idi, leo mwezi pili. Bamvua hilo. Maji yanakwenda mpaka saa tano usiku, ndiyo yaanze kugeuka. Nyie hapa mtaelea saa tisa, saa tisa na nusu."

Nikamwuliza amejuaje, ana jedwali? Akanitazama kama nimemwuliza amejuaje kwamba jana ilikuwa jana. Akanieleza amesimama hapo hapo, ndoo kichwani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali na yanarudi kwa nguvu, hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Na akaniongezea kwamba Machi bamvua huwa kubwa kuliko kawaida. Basi.

Nimelifikiria jambo hilo sana tangu siku ile. Nilikuwa nimekesha na redio kusubiri kuambiwa mwezi umeonekana, na tangazo lile lile lilikuwa limeniambia na saa za maji. Yule mama alisikia Idi na maji. Mimi nilisikia Idi tu.

Aliwaongoza wanawake na watoto mpaka ufukweni, anatangulia na tochi, anawaonyesha pa kukanyaga kwa sababu ya viumbe vya baharini vyenye miba mirefu. Mama watoto alivua viatu, akabeba sufuria. Mpaka leo wageni wakija nyumbani huwaambia, "Mimi nimekwenda Mbudya kwa boti, nikarudi kwa miguu." Nilibaki peke yangu. Niliibeba nanga, nikatembea nayo hatua kama 30 kuelekea upande wa kina, nikaifukia, nikarudi kukaa kwenye ubavu wa boti na pilau niliyoachiwa kwenye kifuniko. Kaa walikuwa wengi. Saa nane hivi nikasikia chini ya faiba, chwa, chwa, chwa, kama mbwa anayelamba maji. Saa tisa na dakika 20 boti ikajiinua yenyewe, bila mtu kuigusa, nikavuta kamba ya nanga na ikanifuata. Yule mama alikosea kwa dakika kumi, kama alikosea.

Ndiyo maana naandika. Tuliokulia pwani na tuliokuja na mabasi ya bara sasa tunaishi mji mmoja, na wanunuzi wa boti wa leo wengi ni wa kundi langu: wastaafu, wenye vibiashara, vijana wanaotaka kubeba watalii kwenda Bongoyo na Mbudya. Wote hawatakutana na mama mwenye tochi. Saa za maji hukokotolewa mwaka mzima kabla, si kitu cha kubashiri. Naomba mistari miwili tu, hapo chini ya msimamo wa ligi: maji kujaa saa ngapi, kupwa saa ngapi, na pembeni mtuandikie ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo.

Kesho ni mwezi kumi na tano. Kwa hesabu niliyofundishwa kwenye fungu, maji yatapwa kabisa kama saa nne asubuhi, na mimi nitashusha boti saa nane mchana. Kama nimekosea, nisahihisheni gazetini.

Fundi mstaafu wa Gerezani,
Tegeta, Dar es Salaam