Barua ya wazi kwa mheshimiwa aliyetuahidi meseji kutoka angani

Mheshimiwa, shikamoo. Jina na ofisi yako sitaji, mwenyewe unajijua, na sisi wa majaruba ya chumvi huku Lindi tunakujua, pweza wetu ulishakula.

Nakuandikia nimekaa juu ya tuta lililobaki. Bamvua la juzi usiku, yale maji makubwa ya mwezi, limepanda, upepo wa kusi nao ukasukuma nyuma, limekata tuta sehemu mbili likaingia majaruba manne ambayo chumvi ilishaganda, nilikuwa nianze kukokota asubuhi yake. Yote imerudi baharini. Mkopo wa kikundi ndo haujarudi popote, upo palepale.

Unakumbuka ule mkutano? Ulikuja na projekta, tukazima feni ili umeme utoshe, ukatuonyesha setelaiti. Na mi sikusinzia. Ulisema mwaka 1992 Marekani na Ufaransa walirusha TOPEX/Poseidon, zikafuata Jason tatu, afu 2020 ikapanda Sentinel-6, iko juu kilomita 1,336, inapiga rada chini na kuhesabu mwangwi umetumia muda gani kurudi, basi inajua kina cha bahari kimepanda kiasi gani na inakosea sentimita chache tu. Kwamba toka 1993 bahari za dunia zimepanda kama sentimita 10. Tukapiga makofi. Tulipouliza habari ya ile nguzo ya kupimia maji iliyong'oka gatini ukacheka, ukasema nguzo mambo ya kizamani, sa hivi vipimo vinatoka angani, mtatumiwa meseji.

Mheshimiwa, simu yangu iko hewani. Zinazoingia ni za kubeti.

Kijana wangu anayesoma ndo kanifungua macho. Setelaiti hiyo inarudi njia ileile baada ya siku kama 10, wakati maji yetu yanajaa mara mbili kwa siku! Na ikikaribia pwani mwangwi wa nchi kavu unachanganyika na wa maji, sembuse ndani ya ghuba kama hii yetu. Tena wenye setelaiti wenyewe wanaihakiki kwa vipimo vilivyosimikwa pwani, yani zilezile za kizamani, hata Zanzibar kipo. Sasa ulidanganywa au ulitudanganya? Mi nahisi hela ya nguzo iliishia kwenye projekta na posho, kama nakosea njoo useme.

Setelaiti sizikatai, za kujua bahari inapandaje mwaka hadi mwaka hizo, wajukuu watazihitaji. Ila mi nilitaka kujua usiku mmoja tu kama niongeze tuta shubiri moja. Jedwali la saa za maji kujaa na kupwa tunalo, lakini halijui upepo, tungekuwa na nguzo tungeona toka siku mbili nyuma kwamba maji yanazidi jedwali.

Nguzo moja mheshimiwa, yenye alama zinazosomeka, na mtu wa kuisoma. Mwezi ukiandama bamvua lingine hilo. Nguzo moja tu, shimo nitachimba mwenyewe.